Vidole Vinne vya Kukua

2 Februari

Kwa mpwa wangu Injinia,

Najua hupendi nikuite hivyo. Unasema wewe ni mpima barabara tu, injinia ni yule anayekaa kwenye hema lenye feni. Lakini sare yako ya kwanza ya shule niliishona mimi, kwa hiyo vyeo vyako navitoa mimi. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, maana ameniapia kwamba huko kambini kwenu simu ni ya kuangalia saa tu.

Sisi wazima, ukiacha maji. Pampu ya jengo imeungua tena, na fundi bomba anasema kwa nyaya hizi za humu ndani hata tukileta mpya itafuata wenzake. Maji ya mtaa yanaishia kwenye bomba la chini, mlangoni pa duka langu. Kutoka hapo hadi kwa Bibi yako, ghorofa ya nne, yanapanda kwa mikono. Juzi Mjomba wako Mkubwa alikuja kututembelea, akamkuta mama yake kwenye ngazi na ndoo. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliketi, akavua kofia, akasema, "Mwisho wa mwezi naleta gari. Mama anahamia kwangu."

Bibi yako akamwuliza, "Na mimi nimesemaje?"

"Hujasema kitu, Mama."

"Basi ngoja niseme."

Hajasema mpaka leo. Lakini amefua mapazia yote, na mtu anayehama hafui mapazia. Kwa kaka yangu mkubwa kuna kila kitu, hilo silikatai: kuna zulia, kuna friji inayotengeneza barafu yenyewe. Ila kila mara Bibi yako akirudi kutoka kule huwa kama mtu aliyetoka kukaa kwenye foleni. Hahami, mpwa wangu. Nimeshasema, na ujue mimi husema mara chache kwa sababu mdomo wangu kutwa umejaa pini.

Mpango ni huu. Lile jengo la pili, upande wa juu wa mtaa, lina kisima, na juu ya paa kuna tangi kubwa. Mwenyewe ni yule mzee tunayemwita Bwana Hapana, kwa kuwa huanza kukataa kabla hujamaliza kumsalimu. Nilimwomba tuvute bomba kutoka tangi lake hadi letu. Alikataa mara tatu, kisha akasema: "Maji yashuke yenyewe, bila pampu wala umeme wangu. Na hakuna fundi atakayekanyaga paa langu mpaka nione karatasi ya mtu aliyesoma inayosema yatashuka. Mafundi wa dishi waliniachia paa kama chujio." Fundi bomba naye anasema tangi la mzee lazima liwe juu kuliko letu kwa mita mbili kamili, kwa umbali ule, la sivyo maji yatasinzia njiani.

Nimeshaanza. Nimenunua kipimapembe cha mwanafunzi, nikakibandika mrija wa soda, nikafunga uzi na kifungo cha koti. Nikasimama mbele ya kila jengo, nikachungulia juu, nikapiga hesabu kwa kitabu alichonikopesha mteja wa kidato cha tatu. Matokeo: jengo letu linalishinda la Bwana Hapana kwa mita nzima! Nilifurahi kwa dakika moja kabla ya kukumbuka kwamba nilitaka tushindwe.

Nifanyeje?

Mjomba wako,
Fundi Sare


5 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na umfikishie Bibi shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza. Hesabu yako haina kosa, kosa ni pale ulipoanzia. Mtaa wenu una mlima. Kila jengo umelipima kuanzia miguu yake, na miguu ya jengo la mzee iko juu zaidi. Ni kama kumlinganisha mtu mrefu aliyesimama sakafuni na mfupi aliyepanda kiti. Sisi hatutaki kujua nani mrefu. Tunataka kujua kichwa cha nani kiko juu.

Kwa hiyo achana na chini, panda paani. Simama kando ya tangi letu, jicho liwe sawa na mdomo maji yanapoingilia, ulenge pale maji yanapotokea kwenye tangi la mzee. Pembe moja tu, ile ya kuinua macho. Kisha unipe umbali wa kwenda moja kwa moja kati ya matangi hayo mawili. Tanjenti ya pembe ukizidisha kwa umbali, unapata tofauti ya kimo. Mtaa uwe na mlima, uwe na shimo, hautuhusu tena.

Lakini kipimapembe cha mwanafunzi kitatudanganya. Pembe yenyewe ni ndogo, na nusu digrii tu hapo ni karibu urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi kucha. Tengeneza kikubwa. Si unajua kukata sketi ya mwavuli? Chora robo ya duara hivyo hivyo, kwa uzi na chaki, kwenye kadibodi ngumu, uzi uwe wa mita moja. Mrija uweke kwenye ukingo, na kwenye kona ning'iniza kitu kizito, kifungo hakitoshi. Mrija ukiwa umelala sawa, weka alama ya sifuri pale uzi unapopita. Ukiinua kulenga, soma uzi umehama sentimita ngapi. Kwa pembe ndogo kama hii, hizo sentimita kwa kila mita ndizo tanjenti yenyewe; huhitaji kitabu cha mtoto wa watu.

Umbali pima kwa hatua za futi yako ya kupimia, iliyonyooka sawa, usiilaze kwenye mteremko. Rudia pembe mara nyingi, siku isiyo na upepo.

Mwisho wa mwezi si mbali. Lori linapita kila baada ya siku chache. Nitakuwa nasubiri barabarani.

Mpwa wako


11 Februari

Injinia wangu,

Kazi imekwisha, na kama kuna aliyeniona, amemwona mtu mwingine kabisa.

Umbali nilipima mwenyewe Jumamosi asubuhi, kupitia ule uwanja wa kuegesha magari ulio kati yetu. Nilitumia futi yangu ya kitambaa, ile ninayoivaa shingoni, na msusi wa duka la jirani alinishikia ncha ya pili. Wenye magari walidhani tunataka kuwauzia uwanja. Mmoja alishusha kioo akauliza, "Fundi, mnashonea nani suruali hiyo?" Nikamwambia ni ya baba yake. Umbali: mita thelathini na nane.

Ile robo ya duara nimeikata vizuri mpaka nikatamani kuitia pindo. Badala ya kifungo nimening'iniza mkasi mkubwa, ule wa chuma. Upepo unaoweza kuutikisa mkasi ule utakuwa umeshachukua paa.

Pembe imepimwa mara kumi na zaidi. Mara nyingi uzi umesimama kwenye sentimita tano na nusu, mara moja moja unapita kidogo au kupungua kidogo. Ndiyo hiyo.

Siandiki mengi. Nimeketi na mguu juu ya kiti kwa sababu kiti kipo na mguu upo. Sare za muhula mpya zimenijaa hadi dirishani.

Fanya haraka. Mjomba wako Mkubwa amepiga simu kuuliza kitanda cha Bibi kina upana gani, wapange chumba. Nikamjibu futi haionekani.

Mjomba wako,
Fundi Sare


14 Februari

Mjomba wangu,

Tano na nusu kwa kila mita, kwa mita thelathini na nane: mita mbili na sentimita tisa. Tumevuka!

Nisikufiche, nilitarajia vipimo vya kuchekesha. Hivi ni vipimo vya mtu wa kazi. Hapa kambini nimewaonyesha wenzangu namna usomaji wako ulivyokaa pamoja. Mkuu wetu amesema mwenye mkono uliotulia hivyo aletwe kwetu, tumpe chombo cha kweli. Sikujua una jicho hilo, wewe unayevaa miwani miwili kutunga uzi.

Nitaiandika karatasi ya Bwana Hapana kwa mwandiko mzuri, na mkuu ataipitia. Nahitaji kitu kimoja tu cha kujaza: umbali uliupimaje, hatua kwa hatua? Kila mtu anayepima anaulizwa hivyo, usione vibaya.

Mwambie Bibi asikunje shuka.

Mpwa wako


17 Februari

Mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa, kisha nikaisoma mwenyewe kwa miwani, maana msomaji alikuwa anaruka mistari.

Mjomba wako ameketi na mguu juu ya kiti kwa sababu aliteguka kifundo kwenye ngazi. Siku ile ile ya Jumamosi alipotoka kupima uwanja, alipanda na ndoo mbili kwa mpigo ili mimi nisipate ya kubeba. Ndoo zilirudi chini kabla yake. Amenikataza nikwambie, na mimi nimemkubalia, kwa hiyo hujasikia.

Sasa utajiuliza nani alipanda paani. Mkono uliotulia ni wangu. Mdomo wa tangi uko sawa na macho yangu nikivaa viatu, na macho yangu ya karibu yamekufa lakini ya mbali yangali mazima. Naona kutoka hapa kama Bwana Hapana amechomekea shati. Mjomba wako alikuwa chini ya ngazi ya paa anapiga kelele, "Mama, shuka! Mama, umeona ngapi? Mama, shuka!" Msusi ndiye aliyesoma uzi, mimi nililenga. Mwambie mkuu wako nashukuru, ila sasa hivi sitafuti kazi.

La muhimu ni hili, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Umeuliza umbali ulipimwaje. Nilikuwa dirishani nikimwangalia. Kila akinyoosha futi yake alikuwa anamtamkia msusi aandike: "Moja na nusu, na vidole vinne vya kukua." Tena anasogea. "Moja na nusu, na vidole vinne vya kukua." Mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani ndivyo mlivyofundishwa. Baada ya barua yako nimemwuliza, akaangalia mguu wake kama ndio utakaomjibia. Miaka yote hii anapima watoto wa shule, na mtoto wa shule humshonei mwili alionao leo. Mkono wake umeongeza wenyewe, yeye hakuwa na habari.

Alitaka tunyamaze. Alisema, "Mama, tumeshavuka." Nikamwambia sitaki kubaki nyumbani kwangu kwa vidole vya mtu. Kama nabaki, nibaki kwa kipimo. Piga upya utuambie.

Bibi yako


20 Februari

Bibi yangu, na wewe Mjomba unayesoma begani kwake,

Shikamooni.

Mjomba, barabara haikui.

Futi yako ni ya mita moja na nusu. Kwa umbali ule uliinyoosha mara ishirini na nne. Vidole vinne mara ishirini na nne ni karibu mita mbili za hewa. Umbali wa kweli ni mita thelathini na sita. Tofauti ya kimo inashuka kutoka mbili na sentimita tisa hadi moja na sentimita tisini na nane.

Mnaweza kusema sentimita mbili si kitu. Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi leo, peke yangu, kando ya barabara. Lakini sentimita mbili si tatizo. Tatizo ni kwamba vipimo vyetu, hata kwa jicho la Bibi, vinaweza kukosea shubiri moja kwenda juu au chini. Hapo siwezi kuandika kwamba maji yatashuka. Nikiandika, nikatia jina langu, wakatoboa ukuta wa mzee na maji yakasinzia, hatutapewa nafasi ya pili, na Bibi ataondoka huku tumeshamvunjia jirani nyumba. Siandiki.

Msinilaumu bado. Nina swali. Tangi letu linakalia nini? Nakumbuka kuna jukwaa la matofali, kimo cha goti, nilikuwa naketi hapo nikila miwa na Bibi ananifukuza. Kama lipo, lishusheni tangi likae kwenye zege lenyewe. Sisi tukishuka nusu mita, tofauti inakuwa karibu mbili na nusu. Hapo hata tukikosea shubiri nzima, bado tumevuka.

Ila jambo hilo lina gharama, nayo inamwangukia Bibi. Ghorofa yake ndiyo ya juu kabisa, iko karibu mno na tangi. Tangi likishuka, wa ghorofa za chini hawatahisi kitu, lakini bafu lake halitamwaga tena. Litadondoka. Sitaki kumwamulia, wala wewe Mjomba usimwamulie.

Karatasi nimeiambatanisha. Nimeandika ukweli wote: moja na tisini na nane ilivyo sasa, karibu mbili na nusu tangi likishushwa, na kwamba huenda tukakosea shubiri moja. Mkuu amesoma, akaniambia nimejiharibia kwa neno "huenda." Nimeliacha.

Mjukuu na mpwa wenu


24 Februari

Injinia (na leo sikutanii),

Nianze na aibu yangu tuimalize. Nimeketi hapa naangalia sare zilizojaa dirishani, nikajiuliza ni watu wangapi wazima nimewashonea suruali zenye nafasi ya kukua na hawajasema kitu. Dereva wa lori amekiri yake anaikunja.

Nilimsomea Bibi yako barua, mistari yote safari hii. Nilipofika pa bafu kudondoka, nilisita. Akasema, "Endelea." Nikamwambia, "Mama, tunaweza kutafuta njia nyingine." Akaniuliza, "Gari la kaka yako linakuja lini?" Nikaangalia kalenda ukutani. Akasema, "Mimi nimeoga kwa kopo maisha yangu yote. Lile bafu la mvua mliniwekea nyinyi, na linanipiga kichwani. Shusheni tangi." Kisha akaongeza, "Na wewe ukishuka kumwita fundi bomba, shuka kwa kukalia."

Nimeshuka kwa kukalia, ngazi zote. Wapangaji wamenisalimia mmoja mmoja kwa heshima.

Tangi limeshushwa jana. Wapangaji wote walipanda, hata wale wa ghorofa ya kwanza wasiokuwa na shida ya maji. Lilipogusa zege, Bibi yako aliligonga kwa kiganja kama mtu anayejaribu tikiti, akasema sawa.

Kisha karatasi. Niliburuta mguu wangu mpaka kwa Bwana Hapana. Alianza "Hapana" nikiwa bado mlangoni. Akasoma. Akarudi mwanzo akasoma tena. Akaweka kidole kwenye neno lako. "Hapa mpwa wako ameandika huenda."

Nikajua tumekwisha. Nikasema, "Mzee, ni mkweli mno, ndiyo shida yake."

Akasema, "Mafundi wa dishi walikuwa na uhakika. Aliyenipakia lami alikuwa na uhakika. Wote walioniharibia paa hili walikuja na uhakika mikononi. Huyu ni wa kwanza kuniambia atakosea kiasi gani." Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. "Waje kesho kutwa. Wavue viatu."

Mabomba yanaunganishwa Jumatano, gundi inakauka, maji yatafunguliwa Jumamosi. Kaka yangu anakuja na gari Jumamosi hiyo hiyo. Nimemwomba asogeze mbele. Amesema gari ni la kuazima.

Kwa hiyo ni Jumamosi.

Mjomba wako


28 Februari

Mpwa wangu,

Nakuandikia mikono ikiwa bado na unyevu, ndiyo maana wino umetanda.

Leo asubuhi Mjomba wako Mkubwa alifika na gari dogo la mizigo na magodoro mawili ya kuzuia vyombo visivunjike. Alimkuta mama yake ameketi paani juu ya stuli, kavaa viatu vyake vizuri, mkoba mapajani. Akadhani amejiandaa kuondoka, akafurahi. "Mama, umekuwa tayari mapema!" Bibi yako akamwambia, "Keti. Kuna kitu nasubiri."

Bwana Hapana alisimama kwenye paa lake, miguu peku, akafungua koki kwa mkono wake; hakumruhusu fundi aiguse. Tukasikiliza. Hakuna. Bomba limelala pale hewani kati ya majengo mawili kama kamba ya kuanikia nguo, halisemi kitu. Fundi bomba akaanza kuangalia viatu vyake. Kaka akaangalia saa. Mimi, nitakwambia, nilikuwa napiga hesabu upya kichwani, thelathini na sita mara tano na nusu, thelathini na sita mara tano na nusu, kama mtu anayesali.

Kaka akasema kwa upole, "Mama, mmejitahidi."

"Nyamaza, mwanangu, nasikiliza."

Bomba likakohoa. Likapumua hewa ndefu, likatema kutu kidogo, likanyamaza tena. Kisha maji yakaja. Si ya kurusha, mpwa wangu. Unene wa kidole gumba, taratibu, bila kukatika, kama mtu anayemimina chai asiyetaka kumwaga. Wapangaji walipiga kelele mpaka wenye magari kule uwanjani wakatoka nje kuona kuna nini. Bwana Hapana aliinua mkono mmoja, akaushusha haraka kabla hatujauona.

Kaka aliinamia tangi, akaingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko, saa na kila kitu. Nadhani na yeye alikuwa amechoka kuogopa kila simu inapolia usiku. Nilimshika bega. Akasema, "Ningekuwa nimefanya kosa?" Nikamwambia angekuwa amefanya haraka tu.

Bibi yako ndiye aliyetushusha duniani. Alifungua mkoba. Tulidhani atatoa leso. Alitoa kipande cha sabuni. Akamkabidhi mwanawe mkubwa, akamwambia, "Vyombo vya wiki nzima viko jikoni. Nilikuwa nayahurumia maji."

Na mtu mzima yule, mwenye friji ya barafu, akavua koti akaenda kuosha. Mimi nilifuta. Gari la kuazima limerudi na magodoro yake.

Bafuni kwake maji yanadondoka, kama ulivyosema. Nimesikiliza mwenyewe. Chini hapa anataka kuandika kwa mkono wake, ameniondolea karatasi.

Fundi Sare


Mjukuu wangu. Nimebaki. Likizo yako ikifika usininunulie kitu na wala usije umependeza. Njoo na nguo zako zote chafu, na za wenzako wa kambini kama zinaingia kwenye begi. Nataka kufua.